Amplifaya ya hedifoni

Amplifaya ya hedifoni ni kifaa cha elektroniki kinachopokea ishara dhaifu ya sauti kutoka kwenye simu, kompyuta au redio na kuiongezea nguvu ili iweze kuendesha hedifoni (huitwa pia vipokea sauti vya kichwani). Kazi yake ni sawa na ya amplifaya ya spika za ukumbini, ila kwa kiwango kidogo sana. Spika za ukumbini huhitaji makumi au mamia ya wati, lakini hedifoni nyingi hutosheka na sehemu ndogo ya wati moja.

Hedifoni nyingi za kawaida hazihitaji amplifaya ya pekee, kwa sababu simu au kompyuta tayari ina amplifaya ndogo ndani yake. Baadhi ya hedifoni, hasa zile zilizotengenezwa kwa ajili ya studio na kwa wapenzi wa muziki, huhitaji nguvu zaidi. Zikichomekwa kwenye simu hutoa sauti ndogo, au sauti hukwaruza pale muziki unapopanda.

Makala hii inaeleza jinsi ya kujua kama hedifoni inahitaji amplifaya, ya nguvu kiasi gani, na jinsi ya kuipata kwa bei nafuu. Mifano ya umeme na ununuzi inahusu kisiwa cha Pemba, Zanzibar. Kwa mkazi wa Pemba kifaa cha namna hii mara nyingi huagizwa kutoka ng'ambo ya bahari, na kukirudisha kisipofaa ni gharama. Kwa hiyo hesabu fupi inayofanywa kabla ya kununua huokoa pesa nyingi.

Historia

Hedifoni za mwanzo zilitumiwa na wafanyakazi wa simu na redio. Mnamo mwaka 1910 Mmarekani Nathaniel Baldwin aliunda hedifoni zilizonunuliwa na jeshi la majini la Marekani. Mwaka 1937 kampuni ya Beyerdynamic ya Ujerumani ilianza kuuza DT 48, hedifoni yenye koili na utando ambayo muundo wake wa msingi bado unatumika. Mwaka 1958 Mmarekani John Koss alitoa hedifoni za stereo kwa wasikilizaji wa nyumbani.

Kwa muda mrefu mtu hakuhitaji kununua amplifaya ya hedifoni peke yake, kwa kuwa redio kubwa za nyumbani na mitambo ya studio ilikuwa na tundu la hedifoni lenye nguvu ya kutosha. Hali ilibadilika pale watu walipoanza kusikiliza kwa vifaa vidogo vya betri, ambavyo volti zake ni chache.

Mwishoni mwa karne ya 20 Chu Moy alichapisha mchoro wa amplifaya ndogo ya betri moja ya volti 9, ambayo mtu yeyote mwenye chuma cha kulehemu angeweza kuiunda. Inajulikana kwa jina la CMoy. Mwaka 2011 mhandisi aliyejiita NwAvGuy, ambaye hakutaja jina lake halisi, alitoa mchoro wa amplifaya iitwayo O2 pamoja na vipimo vyake vyote. O2 ilionyesha kwamba usafi wa sauti unaweza kupatikana kwa vipuri vya bei ndogo. Mwaka uliofuata kampuni ya Schiit ya Marekani ilianza kuuza amplifaya iitwayo Magni kwa dola 99.

Vipimo vya kuangalia

Nguvu inayohitajiwa na hedifoni hutokana na vipimo viwili vinavyoandikwa kwenye boksi au kwenye maelezo ya kiwanda.

Impidansi ni kiasi ambacho hedifoni inazuia mkondo geu wa umeme usipite. Hupimwa kwa omu. Hedifoni za simu huwa na omu 16 hadi 32. Zile za studio zinaweza kuwa na omu 250, 300 au hata 600. Hedifoni yenye omu nyingi huhitaji volti nyingi, lakini mkondo inaotumia ni mdogo.

Unyeti ni ukubwa wa sauti inayotolewa kwa kiasi fulani cha umeme. Hupimwa kwa desibeli. Viwanda vingine huuandika kwa miliwati moja, vingine kwa volti moja. Namba hizo mbili hazilingani, na kuzichanganya ni chanzo cha makosa mengi. Ili kupata desibeli kwa volti moja kutokana na desibeli kwa miliwati, hugawanywa 1000 kwa impidansi, kisha logi ya jibu huzidishwa mara 10 na kujumlishwa. Kwa mfano, hedifoni ya omu 80 yenye desibeli 96 kwa miliwati hutoa desibeli 107 kwa volti moja. Ya omu 600 yenye unyeti uleule wa desibeli 96 kwa miliwati hutoa desibeli 98 tu kwa volti moja.

Kutokana na hayo, hedifoni zinazohitaji nguvu ziko za namna mbili. Kundi la kwanza ni zenye omu nyingi, ambazo zina njaa ya volti. Kundi la pili ni zenye omu chache lakini unyeti mdogo, ambazo zina njaa ya mkondo. Hedifoni nyingi za kundi la pili hutumia utando mpana ulio bapa katikati ya sumaku, badala ya koili na utando wa kawaida. Amplifaya inayofaa kundi moja inaweza isifae kundi la pili.

Kukokotoa mahitaji

Hesabu huanza na kiwango cha juu kabisa cha sauti. Muziki hausikilizwi kwa desibeli 110, kwani sauti hiyo ikidumu huumiza masikio. Hata hivyo, muziki una vilele vya muda mfupi sana, kama vile pigo la ngoma, ambavyo huweza kuzidi wastani kwa desibeli 20 au zaidi. Amplifaya inayoweza kufika desibeli 110 kwa kilele huwa na akiba ya kutosha kwa karibu kila msikilizaji.

Hatua za hesabu ni hizi:

1. Toa unyeti (desibeli kwa miliwati) kutoka 110.
2. Gawanya jibu kwa 10, kisha tafuta 10 kwa kipeo cha namba hiyo. Jibu ni miliwati zinazohitajika.
3. Volti ni kipeuo cha pili cha wati mara omu.
4. Mkondo ni volti kugawanywa kwa omu.

Jedwali lifuatalo linaonyesha matokeo kwa hedifoni tano zinazojulikana, kwa kutumia vipimo vya viwanda vyenyewe.

| Hedifoni | Omu | Unyeti | Volti | Miliwati | Miliampia |
|---|---|---|---|---|---|
| Beyerdynamic DT 770 Pro | 80 | 96 dB kwa mW | 1.4 | 25 | 18 |
| Beyerdynamic DT 880 | 250 | 96 dB kwa mW | 2.5 | 25 | 10 |
| Beyerdynamic DT 880 | 600 | 96 dB kwa mW | 3.9 | 25 | 6.5 |
| Sennheiser HD 650 | 300 | 103 dB kwa V | 2.2 | 17 | 7.5 |
| HiFiMAN HE-6 | 50 | 83.5 dB kwa mW | 4.7 | 450 | 95 |

Jedwali linaonyesha mambo matatu. Kwanza, hedifoni tatu za Beyerdynamic zinatumia nguvu ileile ya miliwati 25, lakini volti zinazohitajika zinatofautiana karibu mara tatu. Pili, HE-6 inahitaji volti zinazokaribiana na za DT 880 ya omu 600, lakini mkondo wake ni karibu mara 15. Tatu, hakuna hata moja kati ya hizi inayofika nusu wati, ingawa HE-6 inajulikana kuwa miongoni mwa hedifoni ngumu zaidi kuendesha.

Simu ya volti moja huifikisha DT 770 Pro ya omu 80 kwenye desibeli 107, na HD 650 kwenye desibeli 103. Kwa nyimbo za kisasa, ambazo hurekodiwa kwa sauti ya juu wakati wote, hiyo huwatosha wasikilizaji wengi bila kununua chochote. Amplifaya huanza kuhitajika kwa rekodi zenye sauti ya chini au zenye tofauti kubwa kati ya kimya na kishindo. Taarabu asilia ni mfano mzuri: taksimu ya udi au kanuni huweza kuanza kwa sauti ndogo, kisha fidla, akodiani na waitikiaji wakaingia kwa pamoja. Hali hiyohiyo humkuta anayesikiliza mahojiano yaliyorekodiwa nje, kama mfanyakazi wa redio anayehariri habari au mtafiti anayeandika maneno ya wazee wa Kipemba kutoka kwenye rekodi yenye sauti hafifu.

Kusoma maelezo ya kiwanda

Wauzaji wengi hutangaza amplifaya kwa namba moja ya wati, na kwa kawaida namba hiyo imepimwa kwa omu 32 au 16. Namba hiyo peke yake haimsaidii mwenye hedifoni ya omu 300. Amplifaya ambayo mwisho wake ni volti 2 inaweza kutangazwa kuwa na miliwati 125 kwa omu 32. Kwenye omu 300 hutoa miliwati 13, na kwenye omu 600 hutoa chini ya miliwati 7. Mnunuzi anapaswa kutafuta nguvu iliyopimwa kwa omu zinazokaribia za hedifoni yake, au volti za juu kabisa ambazo amplifaya inaweza kutoa.

Kuongeza wati nako kuna mpaka wa faida. Kuzidisha nguvu mara mbili huongeza desibeli 3 tu, tofauti inayosikika lakini si kubwa. Ili sauti ionekane kuwa kubwa maradufu, huhitajika nguvu ya takriban mara 10. Kwa hiyo hakuna sababu ya kulipa bei maradufu kwa kutoka wati moja hadi wati mbili, ikiwa hesabu imeonyesha hitaji la miliwati 25.

Vipimo vingine viwili vinafaa kuangaliwa. Cha kwanza ni impidansi ya kutolea, yaani ukinzani ulio ndani ya amplifaya yenyewe. Kanuni inayofuatwa na wengi ni kwamba isizidi moja ya nane ya impidansi ya hedifoni. Ikizidi, besi ya baadhi ya hedifoni huvimba, kwa sababu impidansi yao hubadilika kulingana na masafa ya sauti. Cha pili ni mvumo wa amplifaya yenyewe. Msikilizaji mwenye hedifoni nyeti za kuingiza sikioni atausikia mvumo huo hata muziki ukiwa umesimama, ilhali mwenye hedifoni ngumu kuendesha huenda asiusikie kabisa.

Aina za bei nafuu

Adapta ndogo ya USB ni chaguo la bei ya chini kabisa. Huchomekwa kwenye simu au kompyuta na huwa na kigeuzi cha sauti ya kidijitali pamoja na amplifaya ndogo. Adapta ya Apple ya USB-C, iliyouzwa Marekani kwa dola 9, hutoa takriban volti moja; toleo la Ulaya hutoa takriban nusu ya hiyo. Adapta za bei ya juu kidogo hufika volti 2, ambazo karibu zinatosha kwa HD 650, lakini hazitoshi kwa DT 880 ya omu 600.

Amplifaya ya betri kama CMoy hutoa takriban volti 2 kwa betri moja ya volti 9. Inafaa hedifoni za omu nyingi, si zile zenye njaa ya mkondo. O2 hutumia betri mbili za volti 9 zinazochajika, au umeme wa ukutani, ambapo hufika zaidi ya volti 7. Fundi wa redio mwenye uzoefu anaweza kuiunda kwa kufuata mchoro uliochapishwa.

Amplifaya ya mezani, kama Magni na nyingine za kundi lake, ndiyo njia ya kawaida kwa hedifoni za aina zote mbili. Katika bei ya takriban dola 100 hupatikana zinazoweza kutoa volti na mkondo unaotosha hata kwa HE-6.

Redio au amplifaya ya mtumba yenye tundu la hedifoni ni njia nyingine. Mitambo mingi ya zamani huchukua nguvu ya spika na kuipitisha kwenye vikinzani kabla ya kufika kwenye tundu hilo. Volti zake ni nyingi, lakini impidansi ya kutolea huwa omu 100 hadi mia kadhaa. Ikiwa ni omu 120, HD 650 hupoteza takriban desibeli 3 tu na besi huongezeka kidogo, jambo ambalo wengi hawatalichukia. HE-6 hupoteza zaidi ya desibeli 10, hivyo huhitaji mtambo wenye nguvu kubwa. Hedifoni ya simu ya omu 16 haifai kabisa hapo.

Njia ya mwisho ni kutonunua amplifaya na kuchagua hedifoni iliyo nyepesi kuendesha. Viwanda kadhaa hutoa hedifoni ileile kwa omu tofauti. Kwa mtu ambaye bado hajanunua na atasikiliza kwa simu, toleo la omu 32 au 80 humwondolea gharama ya kifaa cha pili.

Umeme na ununuzi Pemba

Hadi mwaka 2010 Pemba ilipata umeme kutoka kwenye jenereta za dizeli. Mwaka huo kisiwa kiliunganishwa na gridi ya Tanzania Bara kwa waya uliopitishwa chini ya bahari kutoka Tanga, kwa msaada wa Norwei. Usambazaji kwa wateja hufanywa na Shirika la Umeme Zanzibar (ZECO). Umeme wa nyumbani ni volti 230 kwa hezi 50, na plagi ya kawaida ni ya pini tatu za bapa.

Mnunuzi wa amplifaya ya mezani anapaswa kuangalia mambo haya kabla ya kulipa:

- Volti za adapta. Adapta yenye transfoma iliyotengenezwa kwa soko la Marekani hukubali volti 120 tu, na ya Japani volti 100. Ikichomekwa kwenye volti 230 huungua. Adapta inayofaa huandikwa "100–240V" au "230V".
- Aina ya mkondo unaotoka. Baadhi ya amplifaya, O2 ikiwa mojawapo, hutumia adapta inayotoa mkondo geu. Adapta ya kawaida ya kuchajia, ambayo hutoa mkondo mnyoofu, haiwezi kuchukua nafasi yake hata kama plagi inaingia.
- Upatikanaji wa adapta mbadala. Adapta ndiyo inayoharibika kwanza umeme unapopanda na kushuka ghafla. Kifaa kinachotumia volti 5 za USB ni rahisi kuhudumia, kwa sababu chaja ya simu hupatikana Chake Chake, Wete, Mkoani na hata vijijini.
- Umeme wa jua. Kifaa cha USB au cha betri hufanya kazi moja kwa moja na mfumo mdogo wa sola. Cha mkondo geu huhitaji inveta, na inveta za bei rahisi ambazo mawimbi yake si laini huweza kuingiza mvumo kwenye hedifoni.
- Gharama kamili. Bei ya mtandaoni si bei ya mwisho. Usafirishaji hadi Dar es Salaam au Unguja, kodi ya forodha na nauli ya boti hadi Pemba vinaweza kuwa sehemu kubwa ya gharama, hasa kwa kifaa kizito chenye transfoma. Adapta ndogo ya USB ina nafuu katika hilo pia.

Hewa ya pwani ina unyevu na chumvi, ambavyo hushambulia matundu na plagi za chuma. Dalili yake ni sauti kukatika upande mmoja au kukwaruza kitufe cha sauti kinapozungushwa. Kufunika kifaa kisipotumika na kusafisha plagi kwa spiriti hupunguza tatizo hilo. Dalili hiyo isichukuliwe kuwa ni upungufu wa nguvu, kwani kununua amplifaya kubwa zaidi hakutaiondoa.

Usalama wa masikio

Amplifaya yenye nguvu inaweza kudhuru masikio na hata kuunguza hedifoni nyeti. Shirika la Afya Duniani linashauri kwamba mtu mzima asizidishe saa 40 kwa wiki kwa sauti ya desibeli 80. Kila desibeli 3 zinapoongezeka, muda hupungua kwa nusu, hivyo kwa desibeli 90 ni takriban saa 4 tu kwa wiki. Kwa watoto kiwango kinachoshauriwa ni desibeli 75.

Sauti safi huongeza hatari kwa namna isiyotambulika haraka. Kwenye simu dhaifu, sauti huanza kukwaruza na msikilizaji hupunguza. Kwenye amplifaya yenye akiba kubwa, sauti hubaki safi hata ikiwa imepita kiwango cha usalama. Inashauriwa kushusha kitufe cha sauti hadi mwisho kabla ya kuchomeka hedifoni, kisha kukipandisha polepole, na kutumia kiwango cha chini cha ukuzaji ikiwa amplifaya ina swichi ya kuchagua. Mlio masikioni baada ya kusikiliza ni ishara kwamba sauti ilikuwa kubwa mno au muda ulikuwa mrefu mno.